Lita 255 za Sifa

Wadau, leo nimetoka kijiweni na hasira. Mshkaji wangu hapa Tabora ana Impreza WRX ya tabo, sasa anataka pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, eti "ipae" mpaka Urambo, njia ileile ya misafara ya Ujiji. Jamani! Pampu peke yake haiongezi nguvu, petroli inayozidi inarudi tenkini. Na hiyo 255 inashuka presha ikipanda. Ukishapandisha tabo na kufunga nozeli kubwa, hapo sawa, maana mafuta yakipungua pistoni inayeyuka. Yeye hajagusa kitu! Halafu anatembelea taa ya mafuta, wakati petroli ndiyo inayopoza pampu. Hela aweke kwenye breki. Jumamosi abiria ni mimi.