Chumba Kimoja Kilitosha!

Waandishi chipukizi wenzangu, leo sina hadithi. Nina ugomvi, na baadhi yenu mmo ndani yake.

Hadithi zetu za binti aliyeolewa na mtu wa Ulaya zote zinafanana. Bwana harusi anatua na suti, nikaha inafungwa, ubwabwa unaliwa, bwana anarudi zake. Sura inayofuata bibi harusi yumo kwenye ndege anaangalia mawingu. Katikati hamna kitu! Na kama ndege haiji, basi mwandishi keshajua sababu: bwana ana mzungu wake kule. Nimezisoma nyingi za namna hiyo. Nimeandika mbili mwenyewe, na moja niliisoma kwa sauti hapa nyumbani Simbo, dada yangu akiwa amekaa barazani. Alinyanyuka katikati ya sura ya pili akaenda kuchambua dagaa. Mimi nikadhani hadithi imemchosha.

Dada aliolewa mwaka 2021. Shemeji ni mtu wa huku huku, wa Ujiji, ila yuko Leicester miaka mingi na ana kibali cha kukaa Uingereza moja kwa moja. Anafanya kazi ghalani, anapanga maboksi. Alikaa wiki tatu, akaondoka, akasema anakwenda kutengeneza makaratasi. Mwaka 2022 ukapita. Kila akiulizwa anajibu, "Nyumba bado." Mtaani ikawa wimbo. Ukienda kununua mawese unaulizwa, "Nyumba ya dada'ko imefika lenta?" Watu wakidhani mume anajenga!

Hebu tuzungumze hiyo nyumba, maana hakuna aliyewahi kuiandika.

Uingereza inamtaka anayemleta mke au mume aonyeshe kwamba kuna mahali pa kutosha pa kulala. Nilikuwa naamini, kama ninyi, kwamba maana yake ni nyumba nzima yenye jina lake mlangoni. Kulikuwa na kishoka mmoja pale mjini Kigoma, mwenye kibegi na kalamu tatu mfukoni, aliyetuambia hivyo hivyo: "Mzungu hataki mke akakae chumba cha kupanga." Alichukua shilingi laki tatu za mzee wetu kwa ushauri huo. Laki tatu, bwana, ni ndizi za msimu na mbuzi mmoja.

Sasa sikilizeni kilichoandikwa. Mahali hapo pawe pa kumiliki au pa kupanga, yote sawa. Kinachotakiwa ni sehemu ambayo wenye ndoa wanaitumia peke yao, na chumba kimoja cha kulala kinatosha, hata kama jiko na choo mnachangia na wengine. Nyumba isiwe na hatari kwa afya, wala isizidi watu. Kuzidi watu kunapimwa kwa Sheria yao ya Nyumba ya mwaka 1985, ambayo vipimo vyake vimerithiwa kutoka sheria ya mwaka 1935. Chumba kimoja, watu wawili. Vyumba viwili, watatu. Vitatu, watano. Vinne, saba na nusu. Vitano, kumi. Na sebule inahesabiwa kuwa chumba! Mtoto wa chini ya mwaka mmoja si mtu, wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kumi ni nusu mtu. Wa kike na wa kiume waliofikia miaka kumi wasilale chumba kimoja, isipokuwa wanaoishi kama mke na mume. Halafu wanaangalia ukubwa: chumba cha futi za mraba 110 kwenda juu ni cha watu wawili, cha 90 mpaka 110 ni cha mtu mmoja na nusu, kisichofika 50 hakihesabiwi kabisa. Kati ya hesabu hizo mbili wanachukua iliyo ndogo.

Niliposoma hayo, kwa simu ya kuazima na bando la elfu moja, nilicheka kwanza. Nikahesabu nyumba yetu. Vyumba vitatu na sebule, yaani saba na nusu. Tuliomo: baba, mama, bibi, dada, mimi, wadogo zangu wawili, binamu wa miaka kumi na miwili, watoto wawili wa nusu nusu, na mmoja wa miezi minane ambaye kwa Mwingereza hayupo ingawa usiku kucha tunamsikia. Jumla tisa. Tumezidi mtu mmoja na nusu. Na Livingstone alipokuwa amelala mgonjwa Ujiji mwaka 1871, mpaka Stanley akamkuta, hakuna mtu wa huku aliyemdai barua ya mwenye nyumba.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu nilimpigia shemeji nikamwuliza: we unakaaje? Hakutaka kusema. Nikambana. Akasema anakaa nyumba ya sebule na vyumba viwili, na mwanzo walikuwa wanaume watano. Watano ndio mwisho wa nyumba hiyo, dada angekuwa wa sita. Sawa, hapo alikuwa na haki. Ila mwezi wa pili mwaka 2023 mmoja alihama. Wakabaki wanne, na shemeji akapata chumba cha peke yake, futi 12 kwa 10. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Dada angekuwa wa tano. Chumba kina 120. Ilibaki mkataba wa pango, barua ya mwenye nyumba kukubali mke aingie, na orodha ya wanaoishi humo. Basi!

"Shem," akaniambia, "mimi nimlete dada'ko apange foleni ya choo na wanaume watatu? Mkwe angesema nini?"

Nimeyafikiria maneno hayo sana. Huyu si mhuni, wala hana mzungu. Ni mtu mwenye aibu, na aibu hiyo tumemtengenezea sisi. Sisi tunaoandika kwamba Ulaya kila mtu ana bustani na gari. Sisi tunaomwuliza kwenye simu kama nyumba ina ghorofa. Angethubutu vipi kusema anapanga chumba, wakati hapa Simbo kijana aliyepanga chumba kimoja tu anaitwa hajajiweza?

Na aibu ina bei. Wakati ule, mdhamini wa mke alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Julai 2012. Shemeji alikuwa anapata 22,000. Alikuwa amevuka! Badala ya kupeleka maombi akaanza kutafuta nyumba nzuri. Aliipata Mei 2024, chumba na sebule, jiko lake, choo chake, akatutumia na picha za kapeti. Mama alipiga vigelegele. Lakini tarehe 11 Aprili 2024, mwezi mmoja nyuma, serikali yao ilikuwa imepandisha kiwango mpaka pauni 29,000 kwa maombi mapya. Choo kipo, mshahara hautoshi. Na kodi ya choo hicho inakula kile ambacho angeweka akiba.

Msidhani nawatetea Waingereza. Kanuni ya chumba naielewa, hakuna anayependa watu walundikane kama migebuka kwenye sinia. Ninachokataa ni mchezo wenyewe: ukiruka kijiti wanakipandisha. Hawajaanza leo. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, pale Strasbourg, iliamua kesi ya wanawake watatu waliokuwa Uingereza kihalali na kukataliwa kukaa na waume zao, mmoja wao mzaliwa wa Malawi. Mahakama ikasema ni ubaguzi, kwa kuwa wanaume waliruhusiwa kwa urahisi zaidi kuleta wake zao. Basi Uingereza ikasawazisha. Iliwafungulia wanawake? Thubutu! Iliwabana na wanaume. Na mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya huko huko ilikiri kwamba kiwango cha kipato kinaumiza familia nyingi, kisha ikasema kimsingi ni halali.

Hilo ni la kwao, na kelele zangu za Simbo hazifiki London. Zinafika kwako wewe, mwenye daftari la hadithi chini ya godoro. Kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeandika juu ya barua ya mwenye nyumba? Juu ya mtu anayepima chumba chake kwa tepu usiku ili ajue kama mkewe ataenea? Kishoka alitula kwa sababu hatukuwa na mahali pa kusoma kitu hicho kwa Kiswahili, hata kwenye hadithi ya kubuni. Tulikuwa na ndege na mawingu tu. Zile mbili zangu nimezichania jikoni.

Dada bado yuko hapa. Shemeji ameomba zamu za usiku. Jana dada aliazima tepu ya fundi seremala jirani yetu, akapima chumba anacholala na bibi na binamu. Futi 9 kwa 10.

"Tisini," akasema. "Mtu mmoja na nusu. Bibi ni mmoja, mimi nusu."

Binamu akauliza, "Na mimi?"