MUHOGO WA BAGAMOYO ULIIFUNDISHA MASHINE

Wapo watendaji ambao, kila inapotajwa akili mnemba, hukimbilia kusema kwamba pwani haijawa tayari. Biashara za Bagamoyo, wanadai, ni dagaa, chumvi, mwani na muhogo; teknolojia hiyo iachiwe mabenki ya Dar es Salaam na Nairobi. Hiyo ni kasumba, tena inapingana na ukweli.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo. Majani iliyojifunzia hayakutoka Ulaya. Maelfu ya picha zilipigwa katika mashamba ya majaribio ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, nje ya mji wa Bagamoyo. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya programu ya Nuru, ambayo husema Kiswahili na hufanya kazi katika simu hata pasipo intaneti. Mkulima huielekeza simu kwenye jani, nayo humwambia kama ni batobato au michirizi kahawia. Ugonjwa huu wa pili una hila: dalili zake majanini ni hafifu, jicho lisilozoea huzipita, kumbe mizizi ardhini inaoza. Msaga unga hugundua hasara akiwa amekwisha kulipa.

Je, ni wasagaji na vyama vya ushirika vingapi, toka Mapinga hadi Pangani, vinavyopima shamba kwa njia hii kabla ya kununua? Swali hilo halijibiwi kwa warsha nyingine.

Wengine hukumbusha mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wanakumbuka marufuku, wanasahau sababu. Mitambo ya Hazina ilitegemea mno wataalamu wa kigeni, na hesabu zikavurugika. Kosa lilikuwa kununua chombo bila kuandaa watu. Na marufuku nayo haikuandaa watu. Nchi ilililipia kosa hilo kwa miaka mingi ya kuchelewa.

Sasa hapana budi watu waandaliwe, na haki yao ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtu, si jani la muhogo. Kwa hiyo halmashauri inayokaribisha utafiti katika eneo lake idai, kwa mkataba, kwamba chombo kitakachotokana nao kirudi kwanza kwa wakulima na wafanyabiashara wake, na maafisa ugani wafunzwe kukitumia kabla ya msimu wa kupanda.