Maharage Hayana Kosa

Najua nitaulizwa: wewe kijana, tena mwanaume, hata mtoto huna, maziwa ya mama yanakuhusu nini? Yananihusu. Mwaka jana mimi ndiye niliyebeba maharage ya yaya wangu kwenye mfuko nikayapeleka sokoni, siku moja tu baada ya mgao, kwa sababu ukoo mzima ulikubaliana kwamba mzazi asiyaguse. Niliona nasaidia. Kwa hiyo leo siandiki kama mwalimu. Naandika kama mtu aliyeshiriki.

Mtoto wa yaya alianza kulia akiwa na wiki tatu. Jua likizama anaanza, anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu, hadi saa nne au saa tano usiku. Ninyi mnaoishi hapa Nyarugusu mnazijua nyumba zetu: ukikohoa, jirani anakupa pole. Siku ya tatu wamama wakaanza kuja. Hakuna aliyeuliza kama yaya amelala. Hakuna aliyeuliza kama amekula. Wote walikuja na swali moja: "Umekula nini?"

Si sawa hata kidogo, maswali haya mawili. "Umekula?" ni swali la upendo. "Umekula nini?" ni swali la polisi.

"Weye unakula maragi, mutoto anajaa hewa mu tumbo," mama mkwe wake akasema. Maharage yakaondolewa. Mtoto akalia. Kabichi ikaondolewa. Akalia. Sombe, akalia. Pilipili, akalia. Mwishowe hata machungwa, ambayo kwa kweli yaya alikuwa anayaona mara moja kwa wiki. Na kila mwiko uliposhindwa, hakuna aliyesema mwiko umeshindwa. Walisema yaya anakula kwa siri. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, akawa anafunuliwa sufuria kama mwizi.

Mtoto alipofika wiki ya sita kilio kilikuwa kikali kuliko siku zote, na yaya alikuwa anakula bugali na lengalenga kidogo, siku nyingine bugali na maji ya chumvi. Asubuhi moja akiwa kwenye foleni ya bomba kizunguzungu kikamwangusha, kidumu huku, yeye kule. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa nyumbani. Alipofikisha miezi mitatu na kitu, kilio kikaisha chenyewe. Mama mkwe akapiga makofi: "Mumeona? Ilikuwa ni machungwa!" Sote tukakubali. Hata mimi.

Baadaye nikakaa kwenye mafunzo ya afya ya jamii, na pale ndipo nilipoona aibu. Kumbe kilio hiki kina ratiba yake. Kinaanza katika wiki za kwanza, kinapanda, kinafika kileleni karibu na wiki ya sita, halafu kinashuka, na kwa wengi kinakwisha kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kinawapata wanaonyonya na wanaokunywa kwa chupa, wa kambini na wa Ulaya. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watoto wazima kabisa, wanaoshiba na kuongezeka uzito, ambao bado walilia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki. Hadi leo madaktari hawajakubaliana chanzo chake ni kimoja gani.

Sasa fikiri mwenyewe. Kama kilio kitaisha tu mwezi wa tatu au wa nne, basi chakula chochote utakachokataza mwisho ndicho kitakachopewa sifa. Ni kama jogoo kudai kwamba yeye ndiye anayeleta asubuhi.

Na ile habari ya hewa? Hewa ya maharage inatengenezwa kwenye utumbo mkubwa wa mama, vijidudu vinapochachusha mabaki ambayo hayakusagika. Inatoka kwa njia tunayoijua sote. Haipandi kwenye ziwa. Maziwa yanatengenezwa kutokana na damu, na utumbo hauna bomba la kwenda kifuani. Ni kweli vitu vingine vinapita: pombe inapita, dawa nyingine zinapita, kahawa inapita, ladha ya chakula inapita. Na kuna watoto wachache ambao kweli wanasumbuliwa na kitu anachokula mama, hasa maziwa ya ng'ombe. Hao mara nyingi utaona damu kwenye choo, vipele, au kutapika kupita kiasi, na hao wapelekwe kliniki. Lakini jamani, nani kwetu anakunywa maziwa ya ng'ombe kila siku?

Nimebishana sana na bibi yangu kuhusu hili, na nakiri alinishinda kwenye jambo moja. Alisema, "Mujukuu, usituite wajinga. Kwetu Fizi muzazi alikatazwa maragi kwa sababu alipewa samaki." Akanihesabia: mikebuka ya mchuzi, ndagala, kuku, ndizi, unga wa muhogo wa shamba lake. Maharage yalikuwa chakula cha siku za kawaida, na mzazi alipewa chakula cha heshima. Nikanyamaza. Bibi ana haki. Ule mwiko ulizaliwa ziwani, penye samaki. Haukumnyima mama kitu, labda hata ulimlinda apate mapumziko na sahani nzuri.

Ila sisi tulipovuka Tanganyika tuliuacha samaki, tukaja na mwiko peke yake. Hapa mgao ni unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta, chumvi. Ukimtolea mama maharage hujamwondolea kitoweo kimoja. Umemwondolea kitoweo chote. Kiwango kamili cha mgao kinahesabiwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mama anayenyonyesha anahitaji karibu 500 zaidi. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ulishushwa hadi nusu. Nusu! Na juu ya nusu hiyo sisi wenyewe tukaweka makato yetu, tukayaita mila. Wafadhili wakikata tunapiga kelele. Mama mkwe akikata tunaitikia "ndiyo mama."

Maziwa hayaachi kutoka haraka, hilo ni kweli, na ndilo linalotudanganya. Mwili wa mama una tabia ya kumpa mtoto kwanza na kujinyima wenyewe. Anayelipa ni yeye: kizunguzungu, uchovu, damu kupungua. Kisha watu wanaona amechoka, wanasema maziwa yake hayatoshi, wanaanza kumpa kichanga maji ya sukari na dawa ya mizizi. Mtoto ananyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa linapunguza kazi. Hapo sasa kweli hayatoshi, na kuharisha kumeingia ndani ya nyumba.

Nawageukia na ninyi wenzangu wa mashirika, msidhani nimewasahau. Mnatundika picha yenye yai, papai, samaki na glasi ya maziwa, mnamwambia mama ale makundi yote ya chakula. Nilikuwepo siku mama mmoja aliponyoosha mkono: "Yai ntalitoa wapi?" Mhamasishaji akageuza ukurasa. Picha ile haimfundishi mama, inamsuta. Na mnafundisha nani? Mama mwenyewe, saa tatu asubuhi, wakati anayeamua nini kiingie sufuriani amebaki nyumbani. Mama wa miaka kumi na tisa atarudi amwambie mama mkwe wake "nimeambiwa nile maharage"? Atajibiwa nini? Waiteni mabibi. Wapeni viti vya mbele, waulizeni kwanza wanajua nini, halafu ongeeni. Waiteni na waume, kwa sababu kwenye kikundi changu cha vijana wapo baba wa miaka ishirini ambao wakisikia mtoto analia wanatoka nje kwa hasira na kumwachia mke lawama.

Na tuongee wazi, si kila kilio ni cha kungojea. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayepumua kwa shida, anayetapika rangi ya kijani, au aliyepata degedege, huyo hahitaji mjadala wa kabichi. Huyo anakimbizwa hospitali usiku huohuo.

Lakini yule anayenyonya, anayekojoa vizuri, anayeongezeka uzito, na bado analia jioni? Mchukue. Mfunge mgongoni na kitenge, tembea naye, mwimbie. Ukiona hasira inapanda mlaze mahali salama utoke dakika chache, usimtikise kamwe. Na wewe jirani, badala ya kuja na swali, njoo umpokee mtoto saa moja ili mama alale.

Mwezi uliopita yaya alijifungua tena. Wiki ya nne mtoto akaanza, jua likizama kama saa. Mama mkwe akaja, akakaa, akafungua mdomo. Nilikuwa nimetangulia. Nilikuwa nimeyaweka maharage jikoni tangu mchana, yameiva, yana mafuta na chumvi, na sahani ya kwanza nikampa mama mkwe mwenyewe. Ya pili nikampa yaya, mbele yake. Mtoto alilia hadi saa nne. Yaya alikula hadi akamaliza.