Mlima Hanang kwa Besi ya Nane
Wiki hii pale Katesh, ndani ya duka la steshenari, kijana anayejifunza lugha ya kompyuta ya Python aliamua kuuchezea Mlima Hanang: akaandika int('3417', 8), zile mita 3,417 tulizokariri shuleni, akabonyeza, ikaja 1807. “Mzee, mlima umenywea!” Haukunywea, ile 8 ya mwisho ndiyo iliyoiambia kompyuta isome tarakimu kwa mafungu ya nane badala ya kumi. Akajaribu hex(3417), yaani besi ya kumi na sita, ikatoka 0xd59, na mwenye duka akataka kujua kama hiyo ni hesabu au nywila ya Wi-Fi. Sisi wa zamani, kupata besi ya mbili, tuligawa kwa mbili, tukagawa tena, kisha tukasoma mabaki kutoka chini kwenda juu. Kurasa zikaisha, lakini ulijua kila tarakimu imetoka wapi. Namba isiyotaja besi ni gunia lisilotaja kilo, na huku Mbulu na Hanang nani asiyeijua lumbesa? Wakala wa Vipimo wanasema gunia ni kilo 100 mwisho, mnunuzi analishonea kilemba, na bado anakulipa gunia moja. Ndiyo maana naipenda Python 3, iliyotoka mwaka 2008: ukiandika 010 inakataa katakata, inataka useme waziwazi 0o10 kama unakusudia besi ya nane. Lugha nyingine, PHP, huipokea 010 hiyohiyo kimyakimya na kukurudishia 8. Huko ni kumdhulumu mwanagenzi, hata kama mabingwa wameizoea.