Mtoto wa Askari Asifiche Alama Zake

Miongoni mwa mambo ambayo askari wetu na polisi hutuuliza tunapozuru makambi yao, siku hizi limezuka moja ambalo baba zetu hawakupata kulifikiria. Mzazi husema: "Afande, kijana wangu anaomba nafasi pamoja na ufadhili katika chuo cha Marekani. Amefanya mtihani wa SAT mara mbili. Alama za kwanza si nzuri, za pili ni afadhali. Je, apeleke zipi? Au azifiche zote?"

Swali hili si dogo. Ndani yake mna ada iliyolipwa kwa dola kutoka katika mshahara wa askari, na mna maisha ya mtoto. Kwa hiyo tumeona ni vema tulijibu hadharani.

Sisi katika Uganda tumezoea mitihani ya UNEB. Matokeo yakitoka yametoka, na chuo huyapata yote bila ya mtahiniwa kuulizwa apendalo. Mtihani wa SAT ni tofauti. Una sehemu mbili, ya kusoma na kuandika, na ya hesabu. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, hivyo jumla ya juu kabisa ni 1600. Mwanafunzi huruhusiwa kuurudia, na tangu mwaka 2009 shirika liusimamialo, College Board, limempa ruhusa ya kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe chuoni.

Yafaa askari ajue kwamba mtihani huu una asili ya kijeshi. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wataalamu wa saikolojia waliwapima askari wapatao 1,700,000 ili kujua nani afanywe afisa na nani apewe kazi gani. Mmoja wa wataalamu hao, Carl Brigham, ndiye aliyeongoza kutungwa kwa SAT, iliyofanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni, 1926. Kabla ya hapo, mwaka 1923, bwana huyo alikuwa ameandika kitabu akidai kwamba alama za askari wale zilithibitisha uduni wa akili za watu wa mataifa fulani. Mwaka 1930 aliyakana madai yake mwenyewe, kwani ilidhihirika kwamba walioshindwa wengi hawakuijua vizuri lugha, wala hawakulelewa katika mazingira ya waliotunga maswali.

Fundisho lake ni wazi. Alama haisemi neno la kweli mpaka ijulikane imepatikana wapi. Tulipokuwa kadeti, mkufunzi wetu wa shabaha hakuhesabu matundu tu. Aliuliza umbali, akauliza upepo, akaitazama na bunduki yenyewe.

Ugonjwa wa kuficha alama ulienea hasa tangu mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, vituo vya mtihani vilipofungwa na vyuo vingi vikatangaza kwamba kupeleka alama ni hiari. Wengi walidhani kwamba hiari hiyo ingemwokoa mtoto wa maskini. Chuo cha Dartmouth kiliwaagiza walimu wake wachunguze jambo hilo, na taarifa yao ya mwaka 2024 ilionyesha kinyume. Mamia ya waombaji kutoka familia zisizo na uwezo, waliopata alama za 1400 na kitu, walizificha kwa kuziona ndogo kuliko za watoto wa matajiri. Kumbe wateuzi wa chuo, kwa kumpima kila mmoja kulingana na shule atokako, wangaliziona alama hizo kuwa ushahidi mkubwa wa uwezo wao. Mwaka huo huo Dartmouth ilirudisha sharti la mtihani. Chuo cha MIT kilikuwa kimetangulia mwaka 2022, na Harvard nayo ikafuata mwaka 2024.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kijana aliyesoma shule ya karibu na kambi, pasipo mwalimu wa kulipwa pembeni, akapata 1400, hana aibu yoyote ya kusitiri. Akinyamaza, mteuzi hatamhurumia. Atamdhania kuwa amepata chini ya hapo.

Twatoa basi mashauri matatu. La kwanza, soma amri ya kila chuo kabla ya kupeleka chochote, kwani amri za vyuo hazifanani. Viko vinavyokusanya alama bora ya kila sehemu kutoka siku mbalimbali. Chuo cha kijeshi cha West Point ni kimojawapo. Mwenye hesabu nzuri mwezi Machi na kusoma kuzuri mwezi Oktoba hupata faida akipeleka siku zote mbili. Viko pia, kama Chuo Kikuu cha California, visivyotazama alama hizo kabisa wakati wa kuteua. Huko fedha ya kupeleka ni ya kutupa.

La pili, usizilinganishe alama zako na za mtoto wa New York. Linganisha na za wenzako wa shule yako na nchi yako. Ukiwa umewapita, peleka.

La tatu, panapodaiwa zote, toa zote. Chuo Kikuu cha Georgetown, kwa mfano, kimekuwa kikitaka kwa miaka mingi matokeo ya kila siku uliyofanya mtihani. Hapo kuficha hakuitwi tena kuchagua, huitwa udanganyifu, na mdanganyifu akigunduliwa anaweza kunyang'anywa nafasi aliyokwisha kuipata.

Wazazi wenzetu wenye sare, sisi tumefundishwa kutoa ripoti kama ilivyo, iwe ya ushindi au ya kurudi nyuma, na mkubwa aliyeko makao makuu ndiye hupima. Tuwafundishe watoto wetu hivyo hivyo. Kazi ya mwombaji ni kusema ukweli wake wote unaomfaa na kila ulioamriwa. Kujikataa si kazi yake. Akataliwe na chuo kama ni lazima, lakini asikataliwe na hofu yake mwenyewe akiwa bado kambini.