Eti achague timu inayoshinda!

Wadau, leo nimetoka kazini na hasira, na mwandishi mwenye hasira ni mtu wa kuogopwa. Nivumilieni kidogo.

Pale chumba cha habari tuna dada mmoja anayeandika habari za biashara. Mpira wa Ulaya hakuwahi kuufuatilia. Kwao walikuwa na Yanga tu, inatosha. Jumatatu akauliza kwa nia njema kabisa: "Jamani, na mimi nataka kuwa na timu England. Nichague ipi?"

Mngeona! Jamaa wa dawati la michezo waligeuka wote kwa pamoja kama walioitwa kuchukua posho. Mmoja akafungua msimamo wa ligi kwenye simu, akamwambia achague miongoni mwa wanne wa juu, asijitafutie presha bure. Mwingine akamwonya asithubutu kuchukua timu isiyo na uhakika wa kucheza Ulaya. Yule dada akauliza, "Na Aston Villa je? Si ndiyo aliyokuwa Samatta?" Wakacheka. "Samatta aliondoka 2020, sasa wewe unabaki kufanya nini?"

Hicho kicheko ndicho kilichoniharibia siku.

Nianze na huyu wa msimamo wa ligi. Kaka, wewe ni Yanga wa kuzaliwa, tunakujua. Simba walipochukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, mbona hukuhama? Miaka ile mambo yalikuwa magumu Jangwani, wanachama wakachangishana, watani wakawacheka kwamba mnatembeza bakuli, na wewe ulikuwa unakuja kazini na skafu yako umenuna. Halafu nyinyi nanyi mkachukua minne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25, na furaha uliyokuwa nayo hakuna aliyeweza kukukopesha. Uliilipia. Sasa kwa nini mgeni wa ligi ya England umpe ushauri ambao mwenyewe ungemfukuza nao mtoto wako nyumbani?

Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa ambaye tulimwita Mhamiaji. Alianza Chelsea enzi za Mourinho, akahamia Manchester City baada ya lile bao la Aguero la 2012, na Liverpool walipochukua Ulaya 2019 alitokea na jezi nyekundu mpya kabisa, haijafuliwa hata mara moja. Kila mwaka yuko na bingwa. Cha ajabu ni kwamba sikumbuki kumwona akifurahi kweli. Bao likiingia anapiga makofi kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya asiowajua. Sisi wengine tulikuwa tunatoka kibanda umiza na koo zimekauka, yeye ametulia anatafuta chipsi.

Siku hizi kina Mhamiaji wamezidi, na mkeka umechangia. Mtu ana timu kumi na mbili kila Jumamosi, zote anazipenda mpaka saa mbili usiku.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya utani wa ofisini. Mnakumbuka Aprili 2021? Klabu 12 za Ulaya zilitangaza usiku wa Jumapili, tarehe 18, kwamba zinaanzisha ligi yao wenyewe. Sita zilitoka England: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Waanzilishi wasingeshuka kamwe. Ucheze vibaya, ufungwe wiki hadi wiki, mwakani upo tu, kiti chako kina jina. Na hesabu ya biashara ile ilikuwa juu ya nani? Ilikuwa juu yetu sisi tulio mbali na viwanja, tunaolipia king'amuzi, ambao walidhani tunachotaka ni majina makubwa tu kila wiki na hatujali kingine chochote.

Jumanne, tarehe 20, mashabiki wa Chelsea wakajaa nje ya Stamford Bridge kabla ya mechi na Brighton, na kufikia usiku zote sita za England zilikuwa zimeanza kukimbia mpango wao wenyewe. Sisi huku tulifanya nini? Tulitumiana vichekesho. Na kila tunapomwambia mgeni achague kwenye wanne wa juu tu, tunawathibitishia wale matajiri kwamba walitusoma vizuri.

Sasa nirudi kwa Villa, maana hapo ndipo aibu yetu ilipo.

Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga. Tarehe 1 Machi akafunga tena, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kichwa cha kujirusha. Wakafungwa 2-1, lakini nani alijali? Mtaani kwetu kila mtu alikuwa Villa. Hata fundi viatu wa pale kona aliyajua majina ya mabeki. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na timu England kwa sababu inayotuhusu sisi. Msimu ule Villa walinusurika siku ya mwisho kabisa kwa pointi 35, huku Bournemouth na Watford wakishuka na 34 kila mmoja. Pointi moja! Ushabiki mtamu kuliko huo unaupata wapi?

Mwishoni mwa Septemba Samatta akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Na sisi tukaondoka naye, kimyakimya, kama wageni waliosikia chakula kimeisha. Tarehe 4 Oktoba, hazijapita hata wiki mbili, Villa wakawafunga Liverpool, mabingwa watetezi, mabao 7-2. Saba! Mtaani kwetu walioshangilia niliwahesabu: hakuna. Miaka minne baadaye, Oktoba 2, 2024, Bayern Munich walikwenda Villa Park kwenye Ligi ya Mabingwa wakafungwa 1-0, matokeo yaleyale ya fainali ya 1982 pale Rotterdam. Mzee wa Birmingham aliyeziona zote mbili alisubiri miaka 42. Sisi ilitushinda kusubiri siku kumi.

Kwa hiyo dada yetu alipotaja Villa hakusema ujinga. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sababu.

Najua mtaniuliza, na wewe Arsenal hiyo, si mmoja wa wale sita? Ndiyo, na ile wiki ya Aprili niliona aibu. Lakini sikuichagua kwenye msimamo. Mei 2006 nilikuwa na miaka minane, mjomba akanichukua usiku kwenda kuangalia fainali ya Paris. Lehmann akapewa kadi nyekundu dakika ya 18, Campbell akafunga hivyohivyo tukiwa kumi, kisha Eto'o na Belletti wakatumaliza dakika za mwisho. Nililia njia nzima nikiwa mgongoni kwa mjomba. Yeye hakunibembeleza. Aliniambia tu kwamba sasa na mimi ni Arsenal.

Kuna wanaodai timu ndogo huwezi kuiona huku. Si kweli. Mechi za Jumamosi saa tisa alasiri za kwao, Waingereza wenyewe hawaonyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni, utaratibu wa tangu miaka ya 1960 ili watu waende viwanjani. Sisi huku tunaziangalia kwenye ving'amuzi, saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kutegemea majira yao. Shabiki wa Buguruni anaweza kuiona mechi ambayo jirani wa uwanja haioni! Timu ikishuka daraja ndiyo, utabaki na simu na matokeo ya maandishi. Waulize wa Luton Town: 2014 walitoka daraja la tano, 2023 wakafika Ligi Kuu, na kufikia 2025 walikuwa wameshashuka mara mbili mfululizo hadi la tatu. Uwanja wao mashabiki wageni huingia kwa kupita katikati ya nyumba za watu, juu ya nyua zao. Mtu mwenye timu kama hiyo ana hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Mhamiaji atawasimulia nini, bei za jezi?

Jana jioni yule dada alinifuata mezani, wale jamaa wakiwa wameshaondoka. Akaniuliza kama ni kweli kwamba ukishachagua huruhusiwi kubadilisha. Nikamwambia ni kweli, na kwamba atateseka. Akafikiri kidogo, akasema kwao ni Yanga, mateso anayajua. Kisha akaniuliza Villa wanacheza lini.