Kiwele kiuguzwe kwa lugha aijuayo mkamaji

Hivi majuzi nikiwa likizoni kijijini Nyandarua, mama mmoja jirani yetu aliniletea kikaratasi cha dawa. "Mwanangu," akaniambia, "wasema wewe ni daktari. Nisomee hapa." Udaktari wangu ni wa isimu, si wa mifugo, lakini kusoma nilijua.

Ng'ombe wake alikuwa anaugua kiwele. Robo moja ilikuwa imevimba na kupata moto, na maziwa yake yalitoka na mabonge. Asubuhi hiyo mama alikuwa ametia tyubu ya kwanza ya dawa kupitia chuchuni. Maziwa ya robo tatu zilizosalia yalikuwa ndooni, yakimngoja mnunuzi. Kikaratasi kilionya, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kwamba maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe hadi saa 72 zipite baada ya dawa ya mwisho. Nilipomfasiria, alinyamaza kitambo. "Basi karo itangoja," akasema, akaenda kuyamwaga.

Je, ni wangapi wasio na wa kuwasomea?

Ugonjwa huu huletwa hasa na bakteria wapenyao tundu la chuchu. Baadhi yao hubebwa na mikono ya mkamaji na kitambaa kimoja kinachopanguzia kila kiwele. Wengine hutoka katika samadi anayolalia ng'ombe. Mara nyingi hakuna uvimbe wowote uonekanao, ila maziwa hupungua tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kinga yenyewe si ghali: kunawa mikono, kumtengea kila ng'ombe kitambaa chake, kukamia matone ya kwanza katika kikombe cheusi ili mabonge yaonekane, kumkama mgonjwa mwisho, na kumpa ng'ombe lishe baada ya kukamwa ili asimame hadi tundu la chuchu lijifunge.

Wapo wadhanio kwamba kuchemsha maziwa kunatosha. Moto huua bakteria, lakini hauondoi mabaki yote ya dawa. Mabaki hayo yaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini, na huwazoesha bakteria dawa hata zisiwadhuru tena. Hata mala hukataa kuganda.

Haifai kusingizia kuwa Kiswahili hakina msamiati. Kiwele, chuchu, kukama na dang'a ni maneno yetu ya tangu jadi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi onyo la dawa limpite yule anayeitumia?

Wauzao dawa na waandike maagizo yao kwa Kiswahili. Nanyi walimu wenzangu, msingoje: waambieni wanafunzi walete vikaratasi hivyo darasani wavifasiri, kisha wakawasomee wazazi wao zizini. Zoezi hilo litawafaa kwa Kiswahili na kwa Kilimo, na huenda likamkinga mtoto anayekunywa maziwa hayo.